Saini Iliyoninyang'anya Nyumba

Wiki iliyopita niliwaacha nikilia machozi ya furaha, na baadhi yenu najua mlilia pamoja nami. Poleni. Mlilia bure. Yule mwanamke mliyemhurumia ni mjinga kuliko wajinga wote wa mtaa wetu, na leo nitawaeleza ujinga wake bila kujipaka mafuta.

Kwa yule ambaye gazeti limemfikia leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Mtaani naitwa Mama Chapa. Sina mtoto, umama nilipewa kwa sababu ninachapa. Barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga, malalamiko ya majirani, na wosia. Mume wangu alinifukuza, mambo yale niliyowasimulia wiki ya kwanza. Nikaja kwa shangazi, dada wa marehemu baba yangu, na begi moja na mashine ya taipu kichwani.

Shangazi akanipa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Huu sasa ni mwaka wa kumi na tisa. Taipu ikazeeka ikaja kompyuta, ikaja printa, ikaja mashine ya kopi inayokwama kila mvua ikinyesha. Miaka minne iliyopita shangazi aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Tangu siku ile mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemgeuza kitandani, ninayemshika kiuno akienda msalani.

Ana mtoto mmoja wa kumzaa. Tunamwita Injinia, na si kwa sababu alisomea. Utotoni hakuna redio iliyoingia nyumba hii ikatoka mikononi mwake ikiwa inaongea. Siku hizi anauza vigae mji mwingine. Kwa mama yake huja kwa simu.

Sasa, Jumapili ile shangazi aliniambia nimchapie wosia wake. Akasema neno kwa neno, nami nikachapa: kiwanja kwa Injinia, nyumba kwangu. "Nyumba yangu yote, pamoja na chumba cha mbele, namwachia binti wa kaka yangu aliyenitunza." Mstari ule niliukosea mara tatu, nikaufuta na kuuchapa upya.

Alikuwapo Mwalimu Mstaafu, jirani yetu, akasaini kuwa shahidi wa kwanza. Injinia alikuwa hewani, simu imewekwa mezani tumsikie sote.

"Na shahidi wa pili?" akauliza Mwalimu.

"Nani tena kama si yeye?" shangazi akasema, akininyooshea kidole. "Mtaa huu kuna wosia gani uliowahi kupita bila saini ya Mama Chapa?"

Na simu nayo ikasema, "Dada asaini tu. Mtaa mzima unamwamini."

Nikavimba kichwa. Nikachukua kalamu nikasaini, tena kwa ile saini yangu yenye mkia mrefu. Nilivishwa kilemba cha ukoka nami nikauliza kioo kiko wapi.

Hapo ndipo tulipoishia.

Jumanne asubuhi akaja Karani. Huyu anafanya kazi mahakamani, kwenye ofisi ya mirathi, na kila mwezi huleta kwangu makaratasi ya kutoa kopi kwa sababu mashine ya ofisini kwao ni mgonjwa wa kudumu. Ni mtu mpole, anapenda chai isiyo na sukari na stori zenye sukari.

Nami siku hiyo nilikuwa nazo. Nikamwambia, "Karani, unaona chumba hiki? Mwenye nyumba wake umeongea naye leo."

"Nani huyo?"

"Anakutolea kopi."

Akacheka, akanipa mkono wa hongera. Nikamsimulia yote. Akatikisa kichwa kwa furaha, akasema watu kama shangazi yangu ni wachache. Halafu, kwa mazoea tu ya kazi yake, akauliza, "Mashahidi mliwaweka wangapi?"

"Wawili. Mwalimu Mstaafu na mimi."

Kikombe kikasimama njiani.

"Wewe na nani?"

"Mimi na Mwalimu. Kwani vipi?"

Akaweka kikombe chini, polepole, mbali na makaratasi. "Mama Chapa, umechapa wosia miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na hakuna aliyewahi kukuambia kwamba shahidi harithi?"

Nikamtazama. Nikadhani anatania, maana Karani akitania hacheki.

"Harithi vipi? Jina langu limo. Nimelichapa mwenyewe."

"Limo, sawa. Lakini aliyeandikiwa kitu kwenye wosia, akisaini kuwa shahidi wa wosia huohuo, lile fungu lake linakufa. Sheria haitaki mtu ajishuhudie. Wosia wenyewe unasimama, kiwanja kitakwenda kilikoandikwa. Ila nyumba haiji kwako."

"Inakwenda wapi?"

"Kwa warithi wake wa karibu. Ana mtoto wa kuzaa?"

Mashine ya kopi ilikuwa ikiendelea kutema karatasi, nami nikaziacha zimwagike sakafuni.

"Mbona wosia wote wa mtaa huu nimesaini mimi?" nikasema, sauti imenitoka kama ya mtoto anayebishana. "Watu huniita. Hunifuata hadi jikoni!"

"Wanakuita kwa nini, unafikiri?"

"Kwa sababu naaminika."

"Hapana, dada yangu," Karani akasema, na naapa alisema kwa huruma. "Wanakuita kwa sababu huna chako humo."

Jamani! Miaka kumi na tisa nikidhani ni heshima. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, lakini mimi nilijinyoa na sikio nikaondoka nalo.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikaanza kulia. Karani akaokota karatasi zake sakafuni moja moja. Alipomaliza akauliza, "Shangazi mwenyewe yu hai?"

"Yuko ndani anakunywa chai."

"Basi unalia nini? Wosia si kaburi. Andikeni mwingine leo hii, atafutwe shahidi asiye na lake, asaini, ule wa zamani uchanwe. Nusu saa."

Nilitamani kumbusu mkono. Nikamwomba awe shahidi yeye mwenyewe, kwa sababu Mwalimu alikuwa amesafiri kwa binti yake. Akakubali. Akasema atapita Ijumaa saa nane akitoka kazini. Wa pili nikampata papo hapo dirishani: Fundi Viatu, anayekaa na sanduku lake chini ya ukuta wetu, mtu ambaye kwa shangazi anarithi kivuli tu.

Karani alipoondoka akili ikanirudia, na ilirudi na hasira. Nikaikumbuka ile sauti ya mezani. *Dada asaini tu.* Injinia! Mtu asiyejua mama yake anakunywa dawa ngapi kwa siku, kumbe anajua sheria. Amekaa huko na vigae vyake ananichezea shere kwa simu.

Nikachapa wosia upya. Neno kwa neno, nikabadilisha mashahidi tu. Nikaupeleka ndani ukiwa bado una joto la printa.

Shangazi alikuwa kitandani, ameegemea mito mitatu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu?"

"Vumbi la wino. Shangazi, kuna kosa dogo kwenye yale makaratasi ya Jumapili. Mimi sikupaswa kusaini. Nimeyachapa upya, Ijumaa wanakuja mashahidi wengine. Yasome tu, tuwe tayari."

Hakunyoosha mkono kupokea. Akaniuliza, "Nani kakuambia?"

Angalieni swali hilo, wapenzi wasomaji. Mtu asiyejua kitu huuliza kosa gani. Yeye aliuliza nani. Lakini mimi siku hiyo masikio yangu yalikuwa yamejaa Injinia, likapita bila kunigusa.

"Karani wa mahakama, mteja wangu."

"Aa," akasema. "Weka hapo. Kesho."

Jumatano nikamkumbusha. Miwani haionekani. Nikaitafuta chini ya kitanda, kwenye droo, ndani ya viatu. Nikaikuta chini ya mto aliokuwa ameulalia. Akasema, "Lo, uzee huu," akageukia ukutani, usingizi ukamchukua saa nne ya asubuhi.

Alhamisi mkono ulikuwa unatetemeka. Hawezi kushika karatasi, hawezi kusoma herufi zinazocheza. Nikamwonea huruma, nikamkanda ule mkono kwa maji ya moto. Baada ya saa moja nikapita mlangoni nikamkuta anatunga uzi kwenye sindano ashone kifungo cha blauzi, na uzi ukaingia mara ya kwanza. Nikajiambia dawa imefanya kazi. Mtu akiamua kuwa kipofu hahitaji kufumba macho.

Mchana huo nikatoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji ili asinisikie, nikampigia Injinia.

"Dada! Habari za huko? Mama hajambo?"

"Mama yako hajambo, na mimi sijambo, na nyumba haijambo. Ndiyo habari unayotaka kuisikia, si ndiyo?"

"Dada, kuna nini?"

"Usiniite dada! Nani alikufundisha kwamba shahidi harithi?"

Nikasikia mtu akipanga vigae upande wa pili, kimoja juu ya kingine.

"Sema! Miaka minne namwosha mama yako mgongo, wewe unatuma salamu na picha za watoto. Leo ndiyo unakumbuka una nyumba? Ulinitega kwa maneno matamu mbele ya Mwalimu wa watu!"

"Dada, nisikilize. Mimi nilisema nilivyoambiwa niseme."

"Umeambiwa na nani?"

Akashusha pumzi. "Muulize mama," akasema, akakata.

Muulize mama! Mwanamume mzima, mwenye ndevu na duka, anajificha nyuma ya gauni la mgonjwa. Nikamtukana kwa simu iliyokatika, matusi ambayo mhariri wa gazeti hili hawezi kuyachapa. Nikaingia ndani nikampikia shangazi uji, nikampulizia upoe.

Ijumaa saa nane kamili Karani akafika, shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni. Nikamwita Fundi Viatu, akaja na aproni yake yenye gundi. Mimi nilikuwa nimemtoa shangazi kitandani, nikamwegemeza begani hatua kwa hatua hadi kwenye kochi la sebuleni, nikamwekea mkongojo wake pembeni. Kwa safari hiyo ya hatua kumi na mbili alilalamika mara tano na kupumzika mara mbili.

"Karibuni, karibuni," nikasema. "Shangazi, wageni wetu hawa."

"Shikamoo bibi," Karani akasema.

Shangazi alikuwa ameinamisha uso, anachunguza pindo la kanga. Hakuitikia. Nikaona haya, nikasema, "Shangazi, unaamkiwa."

"Marahaba," akasema, bila kuinua kichwa.

Karani akaketi. Akautazama mkongojo, akamtazama yeye. Akautazama tena mkongojo, ule wenye kishikio kilichofungwa kitambaa cha buluu, nilichokifunga mimi mwenyewe usimchubue kiganja.

"Bibi," akasema, "tumeonana, sisi. Si wewe uliyekuja ofisini kwetu mwezi uliopita?"

"Umenifananisha," shangazi akasema.

"Hapana, nakumbuka vizuri, hata kwenye ngazi zetu zile mbovu nikataka kukushika mkono ukakataa. Ukasema hujawa mzigo bado." Alikuwa anatabasamu, masikini, anadhani analeta furaha. "Nikasema bibi huyu ana nguvu kuliko sisi. Ngazi zote mbili, juu na chini!"

Nikasema, "Karani, umekosea. Shangazi hapandi ngazi. Shangazi hafiki msalani peke yake."

Tabasamu la Karani likaanza kuondoka.

Mwezi uliopita. Nikakumbuka siku niliyokwenda kununua wino wa printa, nikashinda huko mchana wote kwa sababu ulikuwa umekwisha kila duka. Niliporudi shangazi alikuwa kitandani, amevaa gauni lake la kutokea. Akaniambia alitamani tu kulivaa, asije akafa likiwa jipya. Na mimi nikalia, nikamwambia asiseme maneno hayo.

"Alikuja kuuliza nini?" nikamuuliza Karani.

"Mama Chapa, haya mambo ya ofisi..."

"Alikuja kuuliza nini, Karani?"

Akamtazama shangazi, kama anaomba ruhusa. Shangazi hakutoa wala hakunyima.

"Aliuliza," Karani akasema, sauti imeshuka, "ukimwandikia mtu kitu kwenye wosia, halafu mtu huyo akasaini kuwa shahidi, anakipata au hakipati. Nikamwambia hakipati. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamfungulia kitabu nikamsomea."

Fundi Viatu akainuka nusu. "Jamani, mimi nirudi baadaye?"

"Kaa!" tukasema, mimi na shangazi, kwa pamoja.

Akakaa.

Niliketi sakafuni pale pale nilipokuwa, mkono umeshika wosia mpya. Nilitaka kupiga kelele, kelele zikakataa. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema hivyo kila siku, lakini hakuna anayekuambia kwamba hiyo nguo ni wewe unayeifua.

"Shangazi, ni kweli?"

Akainua uso. Nilitegemea machozi. Hayakuwapo.

"Kweli."

"Injinia naye?"

"Mwache mtoto wa watu. Nilimwambia aseme 'dada asaini,' akasema. Hakuuliza kwa nini. Yule hajawahi kuuliza kwa nini."

"Kwa nini basi? Mimi nauliza! Kwa nini shangazi? Kama hukutaka kunipa, si ungeninyima tu! Nani alikulazimisha kuandika? Unanipa mbele ya watu, unanitoa machozi, halafu unanishikisha kalamu nijinyang'anye mwenyewe?"

"Nyumba hii aliijenga mume wangu tofali kwa tofali," akasema. "Alipokuwa anakata roho alinishika mkono akaniambia, mwanangu asije akakosa pa kurudi. Nikamwahidi. Utaivunjaje ahadi ya maiti?"

"Na mimi? Mimi niliye hai?"

"Wewe ungekaa na matumaini ya nyumba mpaka nife. Ungejua nikishazikwa. Nisingekuwepo kukuona."

Nawaambia kweli, hapo Karani alifumba macho.

"Na miguu?" nikasema. "Miguu nayo ulimwahidi nani?"

Hilo ndilo lililomgusa. Akaushika mkongojo, akajisukuma, akasimama. Peke yake. Akapiga hatua mbili hadi mezani, ilipokuwa kalamu ya Karani, akageuka, akarudi, akaketi. Hakulalamika hata mara moja. Mimi niliyekuwa nikimbeba kiuno kila alfajiri, mgongo wangu umepinda kama pindo la pazia, nilikaa sakafuni nikamtazama akitembea.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Yapata mwaka wa tatu."

"Miaka mitatu unanifanya nikubebe?"

"Hesabu vizuri," akasema. "Nilipona ule mwaka aliokuja yule mwanamume wa kuchomelea mageti."

Wale mliosoma wiki ya nne mnamkumbuka. Yule aliyetaka kunioa tuhamie mji mwingine, nami nikawaandikia hapa, kwa mbwembwe zote, kwamba nilimkataa kwa sababu singeweza kumwacha shangazi yangu mgonjwa. Nilipokea barua nyingi za pongezi. Mmoja wenu alinitumia hata kitambaa cha meza.

"Nilianza kutembea usiku, wewe ukiwa umelala," shangazi akasema. "Nikataka nikushtukize asubuhi. Nikapita mlangoni kwako nikaona sanduku liko wazi kando ya kitanda chako, nguo zimekunjwa. Viatu vya harusi viko juu, kwenye karatasi. Sikukushtukiza tena. Nikarudi kulala."

Karani alikuwa akinitazama mimi sasa, si yeye.

"Asubuhi ukaja kuniogesha. Nikakuambia, mwanangu, nimefikiri, nyumba hii nitakuandikia wewe. Unakumbuka ulifanya nini?"

"Nilikushukuru."

"Ulinishukuru. Na baada ya chai ukaenda chumbani, nikasikia unarudisha nguo kabatini. Nikahesabu milango ya kabati ikifungwa." Akaangalia mikono yake. "Nikajua bei ya mtu wa kunishika mkono. Nikajua pia sina haki ya kuilipa, kwa kuwa nyumba si yangu, ni ya marehemu. Basi nikakulipa kwa maneno. Nikakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka mitatu. Nilikosa. Lakini nilikuwa naogopa kufa peke yangu ndani ya nyumba nzuri."

"Nilikutunza mwaka mzima kabla ya maneno hayo!" nikapiga kelele, na safari hii zikatoka. "Kabla hujasema nyumba wala dirisha! Nilikaa hapa miaka kumi na sita bila kuahidiwa tofali!"

"Ulikaa kwa sababu hukuwa na pa kwenda. Siku ulipopata pa kwenda, ulifungua sanduku."

Lo! Mwanamke huyu angesomea sheria, Karani angekuwa anatafuta kazi nyingine.

Nikasimama. Nikautupa wosia mezani. Nikamwambia akae na nyumba yake, na maiti yake, na miguu yake yote miwili. Kwamba mimi nafungasha leo, kompyuta na kila kitu, na amwite Injinia aje amgeuze kwa simu. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ile ya kuniomba chumvi:

"Fundi, sogeza hiyo meza."

Fundi Viatu akaisogeza. Shangazi akavaa miwani. Akausoma wosia mpya, ukurasa wa kwanza, wa pili, kidole kikifuata mistari, mkono umetulia kama jiwe. Sebule nzima ilimsubiri. Akafungua kalamu ya Karani, akaiweka mahali pa saini.

"Karani," akasema, "nikisaini hapa, nyie wawili mkasaini chini yangu, nyumba inakwenda kwake? Hakuna mlango wa nyuma?"

"Hakuna, bibi. Mradi usiandike mwingine."

"Sitaandika mwingine. Nitamwomba radhi marehemu nikifika. Mashahidi wenye masikio mpo." Akanigeukia. "Rudi hapa, binti wa kaka yangu. Mimi nimesema uovu wangu wote mbele ya watu, hata wa miguu. Sasa na wewe sema kitu kimoja tu, halafu nasaini."

"Kitu gani?"

"Asubuhi ile ya sanduku. Ningekuambia ukweli, kwamba nyumba ni ya Injinia, huna chako humu, nakuomba tu usiniache. Ungekaa?"

Fundi Viatu alikuwa ameinamia viatu vyake mwenyewe.

"Usinijibu ninachopenda," akasema. "Nimeshakula uongo wa kutosha, wangu na wako. Ukinidanganya nitajua, kama nilivyojua siku ile. Ungekaa?"

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Wino ulikuwa umeshaanza kuchora nukta pale inapoanzia saini.

Ndugu zangu, jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo miaka mitatu, nimelificha hata kwenu ninyi mnaonitumia vitambaa. "Ndiyo" ingenipa nyumba, kama angeiamini. "Hapana" ilikuwa kweli, na sikujua ingenipa nini. Na yule kikongwe aliyeniibia alikuwa amenikazia macho, midomo imefungwa, mkono wa kushoto umekamata mkongojo, na nilivyomjua kwa miaka kumi na tisa, hajawahi kuogopa kitu kama alivyoliogopa neno langu.

Nikarudi nikapiga magoti mbele ya kochi, nikamjibu. Nilimjibu nini, mtasoma wiki ijayo.